Dobi Aliyekatazwa Kufua

Keturah Voss alifua nguo za timu ya Tannersfork kwa misimu kumi na tisa, ukiondoa wiki tano, na katika misimu hiyo yote hakuwahi kukaa jukwaani mpaka mchezo uishe. Alisema besiboli huonekana vizuri zaidi ndani ya beseni. Goti lenye tope jekundu ni la mtu aliyejitupa chini afike kituoni kabla ya mpira. Kiwiko chenye majani ni cha mlinzi wa nyuma aliyeanguka akifukuzia mpira. Nguo isiyo na doa ni ya mtu aliyekaa benchi, na hiyo aliifua upesi bila kutia neno, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameshasemwa vya kutosha.

Tannersfork ni mji wa Ohio unaouza udongo unaoukalia. Wanaume walifanya kazi kwenye matanuri, timu ikaitwa Wafyatua Matofali, na hakuna aliyekuwa na muda wa kulitamka jina zima, kwa hiyo wakawa Wafyatuaji. Walivaa soksi za sufu zilizopanda hadi magotini, za rangi ya damu ya mzee. Rangi hiyo ilichaguliwa kwa sababu vumbi la matofali halionekani juu yake. Yalikuwepo na mengine yasiyoonekana juu yake.

Mume wake, Jakob, alikuwa mchomaji matofali. Mwaka 1897 alichomwa na waya chini ya kucha ya kidole gumba, akakitemea mate, akaendelea na kazi. Alizikwa Jumapili ya pili yake. Keturah alibaki na miaka thelathini na minne, nyumba ya vyumba vinne, sufuria kubwa ya shaba, na kisima ambacho maji yake yalipatana na sabuni. Akawa dobi. Timu ilipopata nafasi katika ligi ndogo ya bonde lile, nguo zake zilikwenda kwa Keturah, seti kumi na nne kila Jumatatu. Banda la nyuma ya jiko lake likawa ndilo chumba cha kubadilishia, maana uwanja ulikuwa ng'ambo ya barabara na haukuwa na chumba chochote. Mimi nilipanga chumba cha juu kwa miaka minne. Mengi ya haya nimeyasikia yakisemwa chini ya dirisha langu.

Msimu wa 1908, hadi katikati ya Julai, Wafyatuaji walikuwa wa tano kati ya timu sita. Kisha wakashinda Alhamisi, wakashinda Ijumaa, wakashinda mara mbili Jumamosi. Jumatatu asubuhi Augie Stroud, meneja ambaye pia alikuwa mdakaji wa kituo cha nyumbani, alisimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi.

"Bi Voss, leo usifue."

"Maji yameshachemka."

"Pikia kahawa. Tumeshinda mara nne mfululizo. Ukifua nguo, unafua na bahati."

"Hiyo mliyo nayo ni bahati au ni uchafu?"

"Mwaka huu ni kitu kimoja."

Akabandika karatasi kwenye mlango wa banda: HAKUNA KUFUA MPAKA TUFUNGWE. Hakuna mchezaji aliyecheka. Hawa walikuwa watu ambao wakiokota pini ya nywele ya mwanamke barabarani huiweka mfukoni na kuamini kwamba siku hiyo watapiga vizuri. Watu wanaozunguka mitaa mitatu ili wakutane na gari la farasi lililobeba mapipa matupu. Nimeishi na mabaharia, na watu wa kamari, na wachimba dhahabu, na sijaona walioamini vitu vidogo kwa bidii kama wacheza besiboli wa ligi ndogo. Hawakuwa na kikubwa cha kuamini.

Wakashinda ya tano, ya sita, ya saba. Jua la Agosti likaliwakia banda. Jirani, Bi Amelung, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, "Keturah, siku hizi umefuga mbuzi?"

"Kumi na wanne," Keturah akajibu. "Na wanashinda."

Katika mchezo wa tisa, dhidi ya Corbin Ferry waliokuwa wakiongoza ligi, mkimbiaji mmoja alijitupa kwenye kituo cha tatu akitanguliza miguu, njumu za chuma juu. Mlinzi wa kituo kile alikuwa Emmet Scanlan. Njumu zilimpasua kwenye muundi wa kushoto, lakini mpira hakuuachia, na mkimbiaji akatolewa. Scanlan alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa ameshacheza katika ligi tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, na baada ya hii hapakuwa na nyingine. Benchi alikaa mtu aitwaye Ruddock, mwepesi, mpole, anayesubiri. Kwa hiyo Scanlan alitemea jeraha mate ya tumbaku, kama walivyofanya wote, akapandisha soksi. Damu haikuonekana.

Jumatatu iliyofuata Keturah alikuwa anageuza soksi kwenye kamba zipate hewa, kwani kugeuza hakukukatazwa. Soksi ya kushoto ya Scanlan ilikataa kukunjika. Ilisimama kama gome la mti. Akaileta karibu na pua. Ilinuka kitu kingine, si jasho, na harufu hiyo alikuwa amelala nayo mto mmoja miaka kumi na mmoja nyuma.

Scanlan alipokuja kuvaa kwa mazoezi, alimkuta amekaa juu ya sanduku lake.

"Kunja suruali."

"Bi Voss, mimi mtu wa heshima. Watu watasema nini?"

"Watasema una mguu mmoja. Kunja."

Jeraha lilikuwa na urefu wa kidole, kingo zake za kijivu, na rangi ya soksi ilikuwa imeingia ndani yake. Kutoka hapo mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ulipanda kuelekea goti.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Na wewe hukuona. Nikiinama tu, Ruddock ananitazama kama fundi jeneza anayepima kwa macho."

"Jakob alikuwa na mstari kama huu."

"Jakob hakuwa na mechi Jumamosi."

Keturah akainuka kutoka kwenye sanduku. Kisha akaenda kuleta maji ya moto na chumvi. Aliuosha mguu, akakata gunia jeupe la unga, akalichemsha, akalishona kama bomba na kumvisha chini ya soksi, ili sufu isiguse nyama. Mwishoni alichukua wino wa kutilia alama nguo, ule usiotoka hata kwa magadi, akachora kistari pale uzi mwekundu ulipofikia.

Jumatano akachora kingine, juu zaidi. Alhamisi kingine. Timu ilikuwa imeshinda ya kumi na ya kumi na moja. Ijumaa Stroud aliona kitu cheupe kikichungulia juu ya soksi ya Scanlan.

"Hiki nini?"

"Gunia la unga," Keturah akasema.

"Umefua, Bi Voss."

"Soma karatasi yako. Imesema kufua. Mguu huoshwa."

Stroud alikwenda kweli akaisoma. Mmoja nyuma yake akasema, "Augie, amekuweza," na wengine wakageukia ukuta kuficha vicheko.

"Njoo utazame," Keturah akamwambia Stroud. "Hiki cha Jumatatu. Hiki Jumatano. Hiki jana. Wewe baridi ikiingia ni mchinjaji, nyama unaijua. Kesho kitakuwa wapi?"

Stroud alitazama, kisha akatazama kwingine. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa michezo miwili na Corbin Ferry, na anayeshinda yote miwili angekaa juu ya ligi.

"Scanlan ni mtu mzima," akasema. "Akisema anacheza, anacheza. Kesho jioni daktari amchukue, hata kichwa akitaka."

"Ninacheza," Scanlan akasema.

Jumamosi asubuhi Scanlan alipita ua akichechemea, akakaa kwenye ngazi. Keturah aliteremsha soksi. Uzi ulikuwa umevuka goti. Paji lake la uso lilikuwa la moto, lakini maneno yake yalikuwa yaleyale, na safari hii aliyasema bila mzaha: mechi mbili tu, Bi Voss, baada ya hapo fanya utakalo. Akaegemea ukuta, akafumba macho, usingizi wa homa ukamchukua.

Kila dobi anajua kwamba sufu haichemshwi. Ni jambo la kwanza analofundishwa, kabla ya sabuni. Keturah alimvua Scanlan soksi taratibu, zote mbili, akazitumbukiza kwenye sufuria ya shaba iliyokuwa ikitokota, akazikoroga kwa fimbo kwa muda wa kutosha. Alipozitoa, zilikuwa za waridi, na zingemwenea mwanasesere.

Waamuzi wa ligi ile hawakumruhusu uwanjani mtu asiye na sare kamili, na timu haikuwa na soksi za akiba. Hilo nalo alilijua.

Scanlan alipofumbua macho, soksi zilikuwa kwenye kamba zikidondosha maji. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Umeniua," akasema.

"Sijakuua."

"Ulijua."

"Nilijua. Daktari yuko jikoni, anakunywa kahawa. Utaingia mwenyewe au nimwite?"

Aliingia mwenyewe.

Ruddock alicheza kituo cha tatu. Mchezo wa kwanza Wafyatuaji walishinda, jambo lililowatatiza baadaye waliotaka kueleza bahati. Wa pili walifungwa: Ruddock alirusha mpira vizuri kituo cha nyumbani, ukaingia mikononi mwa Stroud na kutoka. Stroud alisema ni soksi. Jumatatu aliibandua karatasi yake mlangoni, akakusanya seti zote kumi na nne na kuzipeleka kwa dobi wa mji mwingine. Hakumtukana. Alisema tu, "Ungeniambia."

"Nilikwambia," Keturah akasema.

Timu ilimaliza msimu katika nafasi ya tatu. Scanlan alilala wiki sita katika chumba cha nyuma cha nyumba ile. Daktari aliupasua mguu mara mbili, akautoa usaha, na mguu ukabaki; ila kifundo hakikukunjika tena sawasawa, na mlinzi wa kituo asiyeweza kuchuchumaa ni mtazamaji. Kiwanda kilimpa kazi ya kulinda lango. Aprili iliyofuata Stroud alirudi na jora la pamba nyeupe begani, akaliweka mezani na kusema zinahitajika jozi kumi na nne za kuvaliwa chini ya sufu.  Keturah naye alisema atazishona, ila Jumatatu kila mtu ataleta nguo zake mwenyewe na atakunja suruali mbele yake. Tangu hapo, kila Jumatatu, wanaume wazima walijipanga kwenye ua wa mjane mmoja wakionyesha miundi, na wapita njia walisema wanayosema wapita njia.

Scanlan alizoea kufika uani kwa Keturah kila mwenzake wa lango alipompokea zamu. Hakuwahi kumshukuru. Siku moja ya Juni, mwaka wa tatu au wa nne, nilimsikia chini ya dirisha.

"Yule mrushaji wa Corbin Ferry, Jumamosi ile, ningempiga."

"Kwa mguu gani?"

"Mpira hupigwa kwa mikono, Bi Voss."

"Na baada ya kupiga, mtu hukimbia kwa nini?"

Alifikiri.

"Ningempiga mbali, nje ya uzio," akasema. "Ningetembea."

Keturah alimpa ncha moja ya shuka bichi. Scanlan akaishika, akaurudisha mguu mbaya nyuma apate mhimili, na wakalikamua, huyu akisokota huku na yule kule.