Kaseti ya Lusia Iliyotunzwa Darini

Eliamini alikuwa fundi redio pale Karatu, na ukimpelekea redio yako ulijiandaa kusemwa. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza lilelile, kwa hiyo nilimsikia akiwasema watu wa kila namna. Alitoka Machame, mdomo mkali, moyo mzuri. Wengi waliishia kwenye mdomo, ndiyo maana naandika habari zake.

Hakurudisha redio bila masharti. Usichanganye betri mpya na kuukuu. Zikichoka zianike juani, lakini ukizifukia kwenye majivu ya moto zitavuja na kula vyuma vya ndani. Usiposikiliza, zitoe. Funika redio kwa kitambaa, vumbi letu halina adabu. Wateja waliitikia kama watoto wa shule, wakifika nyumbani wakafanya walivyotaka. Aliyajua hayo na yalimkera sana.

Mwaka uliofuata vita vya Kagera, alikuja mama mmoja wa Mbulumbulu, jina lake Lusia. Mwanawe Clemensi alikuwa askari. Kabla ya kuvuka mpaka alimtumia mama yake kaseti yenye sauti yake, asikilize kwenye redio kaseti aliyomnunulia. Clemensi hakurudi. Picha yake haikuwepo nyumbani, kaseti ile ndiyo ilikuwa kila kitu.

Baada ya msiba Lusia hakuweza kuisikiliza. Akaitunza wanakotunza watu wa kwao kitu cha thamani, darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu, ambako moshi hufukuza wadudu. Kwa mahindi hakuna mahali bora zaidi. Mwaka ulipotimia, alipotaka kumsikia mwanawe, akaikuta kaseti imepinda kwa joto na kuwa nyeusi kama sufuria. Haikuingia hata kwenye redio.

Nilisubiri Eliamini aanze kufoka. Hakufoka. Aliigeuzageuza, akamwomba mama akae kwenye benchi langu, akatafuta kaseti mbovu yenye gamba linalofungwa kwa skrubu. Akalipasua gamba lililopinda taratibu kwa kisu, akatoa utepe, akaufuta masizi kwa pamba na kuuhamishia kwenye gamba zima. Lusia hakuondoa macho kwenye vidole vyake. Mimi nilishona mkono wa shati upande usiofaa.

Akabonyeza kitufe. Kwanza ulisikika mvumo tu, nikaona mama anashika ukingo wa benchi. Halafu sauti ya kijana, nzito kidogo, ikasema, “Shikamoo, mama. Ni mimi Clemensi.”

“Marahaba, baba,” Lusia akajibu, hapohapo, mbele yetu sote.

Aliisikiliza mpaka mwisho huku machozi yakimtoka. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema. Eliamini akavunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya, akamwomba aiweke sandukuni, mbali na moto. Ndipo Lusia akauliza kwa woga anaruhusiwa kuisikiliza mara ngapi.

Jibu nililijua. Utepe hulika kila unapozunguka, na huu ulishaungua kidogo. Mwalimu wa kwaya, ambaye kaseti yake ilikuwa nzima, alikuwa ameambiwa na Eliamini aipige Krismasi na Pasaka tu. Wala hapakuwa na mashine ya pili ya kunakilia.

“Kila siku, mama,” Eliamini akasema. “Hata mara mbili.”

Mama alipoondoka nilimgeukia, nikamwambia amemdanganya, utepe ule hautamaliza masika. Akaendelea kufuta masizi mezani.

“Najua,” akasema. “Mwaka mzima amekaa bila kumsikia. Acha uishe, lakini uishe ameshiba.”