Makande ya Kura

Juzi pale stendi ya Korogwe nilikaa kwa mama lishe nikaagiza makande. Yalikuja yamejaa kunde, mahindi ya kutafuta, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza kulikoni. Ngoja nikusimulie wewe, maana yeye alikuwa na wateja.

Nililelewa na bibi, Mnyuzi, jirani na reli. Mbunge wa jimbo kila mtu mzima alipanga foleni akamchagua mwenyewe. Lakini wabunge wa viti maalumu walichaguliwa na wajumbe wachache wa akina mama, huko Tanga mjini, na mwaka ule mjumbe wetu alikuwa bibi. Wagombea walikuwa wengi, ila kijijini tuliwazungumzia wawili tu: mwalimu wetu wa kike, na mdogo wake bibi aliyeolewa Handeni. Unauona mtihani huo!

Akina mama walisema waziwazi kwamba bibi atambeba ndugu yake. Ilimuuma. Akaweka chungu kikubwa jikoni, akakifunika kanga. Anayemtaka mwalimu alete kiganja cha mahindi, anayemtaka mdogo wake alete cha kunde.

"Ngumi ifungwe tangu nyumbani, nisione," alisema. "Na mimi nitatia yangu. Kitakachozidi ndicho nitakachokwenda nacho Tanga."

Basi siku hiyo tulicheka mno sisi watoto, kuona mama zetu wanapishana njiani wamekunja ngumi, wanasalimiana kwa adabu zote.

Mahindi yalizidi mbali sana. Bibi hakuwa mtu wa kutupa chakula, kwa hiyo kesho yake tukazipika kura zote pamoja, kwa nazi niliyoikuna mwenyewe. Harufu ilikuwa imeshatapakaa uani tuliposikia hodi. Bibi mdogo huyo, katoka Handeni kuja kuomba kura! Bibi akampakulia. Akala kidogo, akaikodolea macho sahani.

"Dada, makande gani haya hayana kunde?"

"Ndivyo walivyopiga kura, mdogo wangu: mahindi kwa mwalimu, kunde kwako. Kunde zangu zimo humo humo. Ila Tanga nimetumwa, siendi kwa ajili yangu."

Niliwapenda wote wawili, na niliogopa wasije wakaacha kusemezana. Bibi mdogo aliangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Basi niongeze, dada. Angalau nizile kura zangu."

Walikwenda Tanga basi moja, kiti kimoja. Alishinda mama mwingine kabisa, wala hatukumjua. Akina mama walimpokea bibi kwa vigelegele hata hivyo.

Bibi hayupo tena, na chungu kile sijui kiliishia wapi. Mbunge wa jimbo bado namchagua mwenyewe, nashukuru. Wa viti maalumu nasikia tu kwamba mjumbe wetu amekwenda na amerudi. Hajapita kwangu hata mara moja kuniuliza nimefumba nini mkononi.