Tiketi Nzima ya Cucu Kagure

Wanaume wengine wana pombe. Wangu ana tiketi. Kinuthia anauza mbegu na dawa za mifugo pale Naro Moru, na mkulima akiingia dukani kuulizia dawa ya kupe, atajikuta yeye ndiye anayeulizwa kama marehemu babu yake alikuwa akienda sho ya Nyeri, yale maonyesho ya kilimo na mifugo ya kila mwaka. Anayeleta tiketi ya zamani huondoka na pakiti ya mbegu za sukuma bure. Nadhani tumelisha nusu ya Kieni.

Tiketi zake zote, mia mbili na kumi, ni nusu nusu, maana karani wa langoni hurarua tiketi katikati na kubaki na kipande. Kwa miaka kumi na tisa mume wangu ametamani kitu kimoja tu: tiketi nzima. Ameiota hata. Najua, kwa sababu aliamka amenishika sikio.

Mwaka jana mteja mmoja alimwambia kuna mama mzee kule Giakanja, Cucu Kagure, yaani nyanya Kagure, ambaye ana tiketi ya 1968 ndani ya Biblia, haijaguswa. Kinuthia alifunga duka saa nne asubuhi. Tulifika Giakanja akiwa amevaa viatu viwili tofauti, nami sikumwambia. Raha nyingine hazifai kuharibiwa.

Cucu Kagure alifungua Biblia, na hiyo hapo, ya rangi ya waridi, imenyooka. Kinuthia alitoa sauti ya kuku anayetaka kutaga.

"Siku ya sho, ng'ombe yetu ilianza kuzaa," cucu akasema. "Baba akaenda na wale wengine. Mimi nikaachwa niangalie ng'ombe. Na tiketi yangu alikuwa amelipa."

"Cucu, niuzie. Sema chochote unataka."

"Hii si ya kuuza, kijana yangu. Ni ya kuingia. Nipeleke sho niingie nayo. Kile kitabaki, chukua."

Kile kitabaki! Yaani nusu nyingine tena. Mume wangu alikunywa vikombe vitatu vya chai.

Lakini usimdharau Kinuthia. Siku ya sho alitutangulia langoni, akanunua tiketi zetu sote watatu, kisha akamnong'oneza karani, msichana aliyeitwa Wendy: aipokee ile ya zamani, aisome, airudishe nzima. Wendy alikubali huku akicheka.

Cucu akaja na kitambaa kipya kichwani, akatoa tiketi yake. Wendy akaisoma polepole, akamrudishia.

"Karibu, cucu. Pita tu."

Cucu hakupita. "Mbona haujararua?"

"Si lazima, cucu."

"Ati si lazima? Hao wengine wote umewararulia. Kama mimi siingii, niambie nirudi nyumbani."

Foleni ikaanza kulalamika. Nikamtazama mume wangu, na kwa kweli nilimhurumia. Angenyamaza tu, cucu angechoka, tungemshika mkono tumwingize, na tiketi nzima ingekuwa yake. Nilijua analijua hilo.

"Mrarulie," akasema.

Wendy akamkodolea macho. "Si umesema..."

"Mrarulie. Baba yake alimlipia."

Wendy akairarua. Kinuthia alifumba macho kama anayechomwa sindano. Cucu akachukua kipande chake, akavuka lango, akasimama ndani na kuinua mikono yote miwili.

"Baba!" akapaza sauti. "Nimeingia!"

Watu wakapiga makofi na vigelegele, hata wale waliokuwa wakilalamika. Na yule mwanamume wangu, mtu mzima mwenye duka, alikuwa akirukaruka langoni, analia na kucheka, akinivuta mkono twende haraka, kwa sababu cucu alikuwa ameshatoka mbio kuelekea kwa ng'ombe.