Bi Mkubwa na Majani ya Chumbageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kwenye majani kabla sijayagusa. Ilikuwa nyumba ya wageni ya shamba moja la mkonge, upande wa Pangani, na masika ndiyo kwanza yamekatika. Nimefika na fyekeo begani, nimejiambia hadi adhuhuri nimeshamaliza. Nakanyaga hatua mbili tu, nasikia ukelele: "Toka! Toka hapo wewe, utaua!"

Aliyepiga ukelele ni Nyapara wa Bustani, mtu mfupi, mkali, asiyecheka hata Idi. Nikatazama chini nikidhani nimekanyaga kifaranga.

"Nimeua nini, mzee?"

"Pumzi!" Akachota udongo, akaukamua, maji yakamtiririka hadi kiwikoni. "Unaona? Udongo umeshiba maji. Ukiukanyaga sasa unashikamana, mizizi inakosa hewa. Unangoja mpaka siku utakapoufinya mkononi nao ufumukane wenyewe."

"Na mpaka siku hiyo nifanye nini?"

"Kaa."

Nikakaa. Nikalipwa kwa kukaa. Nikasema moyoni, kumbe kazi ndiyo hii, mbona wenzangu wanahangaika na ngalawa? Udongo ulipokauka ndipo nilipojua kwa nini alinipumzisha.

Kutoka hapo nikaenda Ushongo, kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, chini ya Mama Meneja. Mama Meneja alikuwa na neno moja tu: "Zaidi!" Kata zaidi, mwagia zaidi, tia mbolea zaidi. Mvua zilipokwisha, majani yamerefuka na kulegea, akaniamuru niyakate hadi chini ili wageni wafurahi. Nikakata. Baada ya wiki uwanja ulikuwa na vipara kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi anayetazama mpira. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mkato wa kwanza baada ya masika ni wa juu juu, na kisu cha mashine kiwe kikali, maana kisu butu hakikati, kinatafuna. Mama Meneja naye alijifunza, ila yeye alijifunza kwa kunifukuza mimi.

Basi, baada ya miaka ya kuhangaika, nikaangukia Chumbageni mjini, nyumba ya kampuni aliyokaa Meneja wa Tawi. Nilikuwa nimeshaota mvi, na bado kibarua. Meneja alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mzaliwa wa Tongoni, msomi, mpole, na kwenye simu yake hakuna picha ya mtu. Ni majani tu. Kila nikimaliza kukata anapiga picha, anampelekea Mkurugenzi kule makao makuu.

Mwaka mmoja masika yakaingia kwa hasira. Uwanja ukawa bwawa, vyura wakahamia. Katikati ya maafa hayo Meneja akanijia na mwavuli.

"Mzee Bakari, Mkurugenzi anakuja kukagua nyumba za kampuni mvua zikiisha. Nimemsifia majani haya mpaka nimepitiliza. Akiyakuta yamependeza, nampa jina lako siku hiyo hiyo, uajiriwe moja kwa moja."

Ajira ya kudumu! Na kiinua mgongo juu yake! Mke wangu nilipomwambia alikaa chini. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Mimi kwa umri ule, nikiikosa nafasi ile nisingepata nyingine, tena nilijua.

Nikaupigania uwanja ule, wallahi. Kwanza nikachimba mfereji pembeni maji yaondoke. Udongo ulipofumukana mkononi, nikapitisha reki kutoa makapi yaliyooza, nikang'oa ndago moja moja na kokwa zake, maana ukiacha kokwa ya ndago ardhini umeacha ukoo mzima. Kisha nikashika uma wa bustani, ule wa meno manne, nikawa nauchomeka na kuutikisa, nauchomeka na kuutikisa, uwanja mzima, ili udongo upate matundu ya kupumulia. Matundu nikayajaza mchanga wa mtoni uliochekechwa. Palipokuwa na vipara nikapachika vipandikizi vya ukoka. Mgongo ulikuwa hauninyooki, lakini kipupwe kilipoingia, loo! Majani yaliota mazito, laini, hadi ngazi ya mlango. Nilikuwa nasimama nayatazama mwenyewe nacheka.

Alhamisi, kuamkia siku ya Mkurugenzi, mama yake Meneja akaja kutoka Tongoni kumtembelea mwanawe. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alisimama barazani, akautazama uwanja kwa muda mrefu, akasema, "Masikini mwanangu." Nikadhani anasikitika kwamba Meneja amekonda.

Ijumaa nikakata mkato wa mwisho asubuhi, nikaoga, nikaenda msikitini. Mkurugenzi angefika alasiri. Nikaomba dua ndefu. Narudi, nafungua geti, nikadhani nimeingia nyumba ya watu.

Hapakuwa na jani. Hata moja! Uwanja mzima ni udongo mtupu, umefagiliwa na kuachwa mistari ya ufagio iliyonyooka, na maji yamenyunyizwa kutuliza vumbi. Katikati yuko Bi Mkubwa, kajifunga kanga kiunoni, jembe mkononi. Kinamama wa jirani, aliowaita msaragambo, kazi ya kusaidiana, wakaitikia, walikuwa wanabeba ukoka wangu kwenda kuwapa mbuzi.

Nyie vijana mliokulia kwenye vigae hamwezi kujua. Kwetu pwani uwanja wa nyumba hufagiliwa. Majani yakifika mlangoni, mpita njia anajua humu mna mgonjwa, au mvivu, au nyoka. Yule mama alisikia mwanawe anatembelewa na mkubwa wake, akaona aibu hii, akamwokoa. Na ule udongo nilioulainisha kwa uma wiki nzima ulimtii vizuri sana.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ningesema nini jingine?

"Marahaba. Wewe ndiye unayelipwa kuutunza uwanja huu?"

"Ndimi."

"Huoni haya! Shika ufagio, pale ukutani hatujamaliza."

Nikashika. Nilifagia huku machozi yananitoka, naye akaniambia pole kwa vumbi.

Gari la Meneja likaingia. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akasimama.

"Umeona?" mama yake akamuuliza, uso unang'aa.

"Nimeona, mama."

"Pamependeza?"

"Pamependeza, mama. Ahsante sana." Akambusu mkono. Halafu akanijia mimi, akaninong'oneza: "Mzee Bakari, hayarudishiki?"

"Labda kwa gundi."

Hatukuwahi kupanga la kusema. Mkurugenzi akaingia, pande la mtu, simu mkononi, anatazama picha, anatazama chini, anatazama picha tena.

"Meneja, hapa ni wapi?"

"Ni hapa hapa, mkuu."

"Hapa wapi?" Sauti ikapanda. "Nani kafanya kazi hii?"

Meneja akanitazama mimi, akamtazama mama yake barazani. Roho ikaniruka. Mtu gani amtaje mama yake? Kinywa kilikuwa kinafunguka, nami nimeshaaga kiinua mgongo, ndipo sauti ikatoka barazani.

"Mimi, mwanangu! Na bado nyuma." Bi Mkubwa akateremka ngazi anajifuta mikono, amejiandaa kusifiwa.

Mkurugenzi akageuka. Hasira ikakosa pa kukaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na kwako je, kuna majani?"

Mkurugenzi akaificha simu mfukoni. "Yapo, mama."

"Mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni."

"Usijali. Nitakuja na jembe langu."

Sote tukainamisha vichwa. Tumbo la Mkurugenzi ndilo lililoanza kutikisika, kisha mabega, kisha akacheka mpaka akashika gari. Alipotulia akanigeukia. "Mzee, haya yataota lini tena?"

"Mpaka masika mengine, mkuu, Mungu akijalia."

Akamwambia Meneja, "Basi mwajiri huyu kabisa. Akibaki kibarua, mama akirudi atatukimbia."

Hivyo ndivyo nilivyopata ajira. Nililihudumia tawi lile hadi nikastaafu, nikawapitisha mameneja kadhaa, na kila masika yakikatika Bi Mkubwa hakukosa kuja kunisalimia, hata mwanawe alipokwisha kuhamishwa. Nilikuwa naficha jembe, tunakunywa kahawa. Nilimpenda sana yule mama. Naye alikuwa akiniambia, "Bakari, wewe mvivu, lakini una adabu."

Sasa nimepumzika, na Bi Mkubwa ametangulia. Mwaka huu mvua zilipoisha nilikwenda Tongoni kumzuru. Nikakuta kaburi lake limefunikwa ukoka mzito, wa kijani, bila ndago hata moja, bila mtu kuupanda. Mimi niliyehangaika maisha yangu yote kupata majani ya namna ile! Nikasimama nikayatamani kwa muda, kisha nikaazima jembe kwa imamu.

"Mzee wangu," imamu akanizuia, "majani mabichi ya kaburini tuyaache. Yanamsabihi Mwenyezi Mungu, marehemu anapata nafuu."

"Najua, imamu," nikamwambia, "lakini wewe hukumjua huyu."

Nikakunja kanzu, nikang'oa mpaka unyasi wa mwisho, kisha nikafagia.