Tahadhari ya Fundi wa Ruta

Ofisini walimwita Funguo, kwa sababu siku moja, akiwa makao makuu, alikosea mipangilio akajifungia nje ya ruta ya ghalani, kifaa kinachoongoza mtandao wa huko. Ikabidi avuke mji mzima, kompyuta kwapani, kwenda kuirekebisha. Mkuu hakumficha: "Ukirudia, unashuka chini kutengeneza printa." Na Funguo na printa hawaivi kabisa.

Tangu hapo akawa mwoga kupita kiasi. Kabla ya kugusa ruta ya mbali, huiamuru kwanza ijizime na kujiwasha baada ya robo saa. Akijifungia nje, itaamka na mipangilio ya zamani, naye ataingia tena. Akifanikiwa, anafuta amri, anahifadhi mipangilio mipya, basi.

Asubuhi hiyo aliiwekea ruta ya ghalani itifaki mpya, ili ipashane habari za njia na ile ya makao makuu, badala ya yeye kuziandika moja moja. Akasubiri, roho mkononi. Ruta zikatambuana! Hapo hapo akampigia mkewe.

"Mke wangu, zinaongea!"

"Hongera, baba watoto. Hujasahau kitu?" Mke alimjua mtu wake: hukagua kufuli mara mbilimbili, ufunguo kauacha ndani.

"Mimi? Nisahau?"

Mkuu akaja kujionea, akampigia mtunza ghala kwa video.

"Mzee, leo tumewawekea mtandao mpya. Unatuona vizuri?"

"Nawaona, ila..." Mzee akagandia hapo, mdomo wazi.

Funguo akaikumbuka ile amri. Hakuifuta, hakuhifadhi chochote. Alijiona tayari huko chini, mikono imejaa wino.

Baada ya kitambo picha ikarudi, kwa mipangilio ileile ya zamani.

"Ehee! Sasa safi!" mzee akashangilia. "Huu mpya ndio mtandao bwana. Ule wa mwanzo ulikuwa unakwamakwama."

Mkuu akampa Funguo mkono. "Kumbe ukitaka unaweza." Funguo alifungua kinywa aseme ukweli, akazikumbuka printa, akakifunga. Tusimlaumu sana.

Alasiri, kimyakimya, akaweka itifaki upya. Mtandao ukakatika kidogo tu, ukarudi. Safari hii alifuta amri, akahifadhi, akahakikisha. Kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, wala hakuna aliyeiona.

Simu ikalia. Mtunza ghala.

"Mwanangu, mmegusa nini tena? Hebu turudishieni ule mpya."