Gauni la Mama na Buti za Mtani

Mama yangu alishonesha gauni lake la kuvaa kwenye mahafali yangu wiki ile ile nilipochaguliwa kwenda chuo. Nilikuwa bado sijapanda basi la Morogoro, bado sijajua hata hiyo kozi ya ugani wa kilimo ni ya kufanya nini, lakini mtaani kwetu Tabora kila mtu alikuwa ameshaliona gauni. Kitenge cha bluu chenye picha za tausi, mikono mipana, kiuno kimekaza. Fundi alimshauri aache kitambaa kidogo cha akiba pale kiunoni, maana miaka mitatu si mchezo. Mama akamuuliza kama anamwombea mabaya. Fundi akakata kama alivyoambiwa.

Basi mama akanenepa. Alinenepa polepole na kwa furaha, na kila mwisho wa muhula alilitoa gauni kabatini akalijaribu. Nikimpigia simu alikuwa na taarifa. Mwaka wa kwanza, "Linaingia vizuri." Mwaka wa pili, "Linaingia nikibana pumzi." Mwaka wa tatu ulipoanza hakunisalimia hata.

"Soma haraka, mwanangu," akasema. "Ukichelewa mwaka mmoja zaidi hii zipu haifungi."

Nilimwambia shahada haina njia ya mkato. Akaniambia hata zipu haina, akakata simu.

Chuo chetu ni kikubwa, kimekaa chini ya milima ya Uluguru, na kila kozi ina maringo yake. Wa tiba ya wanyama walivaa makoti meupe mpaka kwenye foleni ya chipsi, na mmoja wao akimtazama mbwa wa mlinzi ungedhani anamwandikia dawa. Wa sayansi ya chakula hawakula kitu bila kukinusa kwanza. Wa misitu walijua jina la Kilatini la kila mti na walihakikisha umelisikia. Sisi wa ugani, ambao kazi yetu ni kuwafundisha wakulima, tulikuwa na buti za mvua. Zangu zilikuwa za kijani, ndefu hadi magotini, na nilizipenda kuliko nilivyopenda lekcha nyingi. Siku za mvua nilipita nazo mbele ya makoti meupe nikikanyaga madimbwi makusudi.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alipelekwa fildi. Unapangiwa kijiji, unapewa jambo la kufundisha, halafu mhadhiri anakuja kukukagua mbele ya wakulima wako. Somo la kawaida ukifeli unapewa sapu, unarudia mtihani, maisha yanaendelea. Fildi haina sapu. Ukifeli fildi unarudia mwaka mzima. Kila nikifikiria kurudia mwaka niliiona ile zipu.

Mimi nilipangiwa kijiji kilicho juu ya Mkuyuni, upande wa kuelekea Matombo. Jambo langu lilikuwa matuta ya ngazi: unaukata mteremko ngazi kwa ngazi ili mvua isibebe udongo wa shamba. Mkaguzi wangu alikuwa Dokta mmoja, mwanamke, ambaye darasani hakuna aliyewahi kumwona anacheka. Kazi yako alikurudishia akiwa ameishika pembeni kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu mwingine. Hosteli nzima walinipa pole.

Siku ya kwanza bodaboda ilinishusha pale barabara inapoishia, nikapanda kwa miguu hadi kwa mama kiongozi wa kikundi cha wakulima. Alikuwa rika la mama yangu, mwembamba, amejifunga khanga mbili, anapalilia maharage kwenye mteremko ambao mimi hata kusimama nilishindwa. Nilimwamkia kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetokea wapi?"

"Chuoni, mama. Ila nyumbani ni Tabora."

Jembe likasimama. "Tabora? Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akapiga ukelele ambao nadhani ulifika sokoni Mkuyuni. "Jamani, njooni! Nimeletewa mtumwa wangu!"

Nilikuwa nimesikia nyumbani kwamba Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita huku na mizigo vichwani wakielekea pwani. Lakini kwangu utani ulikuwa jambo la wazee, la misibani na harusini. Sikutegemea kuukuta mlimani saa nne asubuhi umeshika jembe. Kabla sijatua begi wakulima walikuwa wamenizunguka. Mzee mmoja akaniuliza mzigo wangu uko wapi, maana hajawahi kuona Mnyamwezi anatembea kichwa kitupu. Wakanitwisha mkungu wa ndizi, nikapanda nao hadi kwenye nyumba ya kikundi huku wananiimbia.

Nikaanza somo. Nilipotaja tu matuta, yule mzee akainua mkono.

"Enzi za ukoloni babu yangu aligombana na Mzungu kwa ajili ya matuta haya haya," akasema. "Mzungu akaondoka. Leo tumeletewa Mnyamwezi."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Mimi nina hasira za karibu, lakini nilijikaza, nikafundisha hadi mwisho. Kilichonishinda ni pale nilipotoka nje. Buti nilikuwa nimezivua mlangoni kwa heshima ya mkeka, na sasa mama kiongozi alikuwa amezivaa, anajitazama miguu.

"Nimeziokota," akasema. "Zimenikaa vizuri."

Nikafoka. Nikasema hivyo ni vifaa vya masomo, chuo hakitaelewa, nazitaka sasa hivi. Yule mzee akapiga makofi kwa furaha. "Amenuna! Mtani amenuna!" Mtu hamnunii mtani wake hata akichukua mali yake, huo ndio utaratibu, na papo hapo nikatozwa faini ya jogoo. Jogoo mwenyewe nilimnunua kwao, wakamchinja, tukala wote, na paja wakanipa mimi kwa sababu nilikuwa mgeni. Buti sikurudishiwa.

Kwa hiyo nilifundisha matuta peku. Kila Jumamosi nilipanda kule, na kidogo kidogo nikajifunza kujibu. Niliwaambia Waluguru wanalima mlimani kwa uvivu, ili maharage yakiiva yaporomoke yenyewe hadi jikoni. Walilipenda sana hilo, wakaniomba nilirudie kwa majirani. Katikati ya matusi tulichimba, tukapima, tukapanda mananasi kwenye kingo ili zisibomoke. Ila kila nilipouliza kama wameelewa, walijibu kwa pamoja kwamba hawajaelewa kitu.

Siku ya ukaguzi mvua ilinyesha. Dokta alifika na gari la chuo, akapanda kilima na mwavuli na faili, buti zake safi. Mimi nilikuwa nimesimama peku, tope hadi magotini.

"Buti zako ziko wapi?" akauliza.

Mama kiongozi, aliyesimama pembeni yangu na buti za kijani, akatazama mawingu.

Dokta akafungua faili, akawageukia wakulima. "Huyu kijana amewafundisha nini?"

"Hakuna," akajibu mama kiongozi. "Hajui kitu. Tunamwonea huruma tu."

"Kweli kabisa," wakaitikia wengine.

Nikamkonyeza mama kiongozi aache, jamani, leo si siku yake.

"Na anakonyeza," akamwambia Dokta.

Dokta akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, sijui alikuwa anaandika nini, na mimi nikawa nawaza nitaanzaje kumwambia mama. Kisha akanyoosha mwavuli kuelekea shambani.

"Na haya matuta?"

"Hayo makaburi," akasema mama kiongozi. "Tulichimba tumzike, akakataa kufa."

Dokta alianza kuyafuata matuta kwa ncha ya mwavuli. Yalianzia shamba la mama kiongozi, yakaingia la yule mzee, yakavuka kijito, yakapanda hadi mashamba ya juu kabisa ambako mimi sikuwahi kukanyaga. Hata mimi nilikuwa siyajui hayo ya juu. Walikuwa wamechimba wenyewe siku nisizokuwepo, na kingo zote zilikuwa na mananasi.

"Makaburi yote haya ya mtu mmoja?"

"Tulisikia Wanyamwezi wana ndugu wengi."

"Wanyamwezi?" Dokta akafunga faili. Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimetokea. "Huyu ni Mnyamwezi?"

"Wa Tabora kabisa!"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Dokta ana meno. Alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Kumbe alizaliwa upande wa pili wa mlima huo huo, Mluguru wa baba na mama. "Miaka mitatu namheshimu darasani," akawaambia, "kumbe ni mtumwa wangu!" Wakampa mkungu wa ndizi, na mnaweza kukisia nani aliubeba hadi kwenye gari, peku, utelezi ule. Nilipoupakia, Dokta akaketi, uso wake ukarudi ule ule wa darasani. Akashusha kioo.

"Umefeli," akasema. "Jiandae kurudia mwaka."

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Nilicheka, kwa sababu utaratibu unanitaka nicheke. Kisha nikaacha kucheka.

Hosteli iligawanyika. Nusu walisema ule ni utani mtupu. Nusu walisema Dokta hajawahi kutania tangu azaliwe, hakuna sababu ya kuanzia kwangu. Kukata rufaa nisingeweza. Ningesema nini, kwamba mtani wangu amenitania? Hiyo ni kununa, na jogoo mwingine. Nilijipa moyo nikaenda ofisini kwake kumuuliza taratibu.

"Umekuja mikono mitupu, Mnyamwezi?" akasema bila kuinua kichwa. "Toka."

Niliogopa kweli. Chakula kilinishinda, mimi ambaye siachi sinia la wali likipita. Mwisho nikampigia mama nikamweleza yote, matuta, makaburi, kioo cha gari.

"Mluguru mwenyewe ndiye kasema umefeli?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nakata tiketi."

"Na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli nakuja hivyo hivyo, nimtukane."

Siku ya matokeo mfumo wa chuo uligoma asubuhi nzima. Ulipofunguka nilitafuta fildi tu, mengine sikuyaona. Ilikuwa A. Nilikaa kwenye ngazi za hosteli nikacheka, halafu nikalia, na wa makoti meupe waliopita walinitazama kwa macho ya kitaalamu.

Mama akaja. Asubuhi ya mahafali aliingia ndani ya gauni na mimi nikavuta zipu, tukavuta wote, shangazi aliyekuja naye akavuta pia, ikaishia katikati ya mgongo na haikusogea tena. Akavaa sweta juu yake. Jua la Morogoro lilikuwa linachoma, akinamama wengine wanapiga picha na watoto wao waliovaa majoho, na mama yangu amejibanza nyuma ya hema, mgongo kwenye turubai, anasema yeye picha hapendi. Aliwahi kupigwa picha na kila basi lililowahi kufika Tabora. Niliumia sana kumwona vile, kwa sababu gauni lile alilisubiri miaka yote mitatu nami sikuwa na la kufanya.

Ndipo nikasikia ule ukelele. "Mtumwa wangu yuko wapi?"

Mama kiongozi alikuwa ameshuka kutoka mlimani na nusu ya kikundi, khanga mpya doti nzima, na buti zangu za kijani miguuni. Nikamtambulisha kwa mama. Wakatazamana.

"Ndiye wewe uliyezaa hili balaa?"

"Na wewe ndiye mwizi wa buti?"

Mama kiongozi akamzunguka, akaona sweta, akalivuta chini bila kuomba ruhusa, akaiona zipu. Mimi nilifumba macho.

"Jamani!" akapiga kelele hema zima likasikia. "Kumbe Wanyamwezi hata kuvaa hawajui!"

Mama alicheka. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka hadi zipu ikashuka yenyewe mpaka chini. Mama kiongozi akafungua khanga moja mwilini mwake, akamtupia mabegani, akaivuta hadi ikafunika mgongo wote, akafunga fundo mbele, akalirekebisha, akarudi nyuma hatua kuangalia. Mikia ya tausi ilionekana chini yake.

"Ukikonda utanirudishia," akasema.

"Basi hutaiona tena," mama akajibu. "Vua buti."

Akazivua, maana mtani hanuni. Mama akazivaa palepale akaenda mwenyewe mbele ya mpiga picha, amemshika mkono mwenzake aliye peku. Picha ile iko sebuleni Tabora. Wao wawili wameijaza yote, wanacheka, na Dokta anaonekana nyuma yao na joho jekundu. Mwenye shahada nimetokea bega na sikio.