Taa ya Barazani kwa Mwalimu Kabula

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapomwona kijana amefungua kompyuta na kuanza kuchora vitufe kabla hajaiona nyumba yenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu, nimepanga chumba Nyakato, na kazi yangu ilikuwa kufunga vifaa vya kuendesha nyumba kwa simu: pampu ya maji, taa, geti. Watu wa Mwanza ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kusikia habari hizo. Ukimweleza mtu kwamba atafungua geti lake kwa kugusa kioo, alikuangalia usoni kwanza ajue kama unamtania.

Nilipigiwa simu na mtu anayeitwa Masanja, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma. Mama yake, Mwalimu Kabula, alikuwa mjane aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, na aliishi peke yake kwenye nyumba iliyokaa juu ya mawe, mlimani, upande wa juu wa Mirongo. Unazijua nyumba zile. Maji ya bomba hayafiki juu yenyewe. Yanaingia kwenye tanki la chini siku yanapotaka, na usipoyapandisha mapema kwa pampu, unalala bila maji. Swichi ya pampu ilikuwa chini ya ngazi za mawe, na magoti ya Mwalimu yalikuwa yamechoka kushuka.

Masanja hakuzungusha maneno. "Fundi, mama hataki kuja kukaa na mimi. Nakuja mwisho wa wiki. Akiweza kuiendesha hiyo nyumba kwa skrini yako, abaki. Asipoweza, naondoka naye."

Kwa hiyo nilichoombwa kuchora ni skrini, lakini kilichokuwa kinaamuliwa ni mahali ambapo mama wa watu atazeekea. Jambo hilo nililisikia kwa masikio. Kulielewa kulichukua muda kidogo.

Nilifanya kazi kwa bidii, usidhani nilikuwa mvivu. Niliweka kisanduku kidogo sebuleni, nikakiunganisha na pampu, geti na taa. Kisanduku hicho ndicho kilichotoa ukurasa, kama kurasa unazofungua kwenye mtandao, na ukurasa ukafunguka kwenye kishikwambi cha Mwalimu na kwenye simu ya Masanja kule aliko. Nilichora nyumba nzima kwa kuitazama kutoka juu, vyumba vyote, kila taa na alama yake, rangi zikibadilika. Taa ya barazani niliitengenezea kitu nilichokipenda kuliko vyote: jua likizama, inawaka yenyewe, bila mtu kugusa chochote.

Jumamosi mchana tukakutana sote barazani. Masanja alikuwa amefika, na jirani, Mama Bahati, muuza samaki wa sato ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya korongo dogo la mawe, alikuwa amekuja kushuhudia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, baba. Haya, nionyeshe nyumba yangu imeingiaje humo ndani."

Mama Bahati akainama juu ya kioo. "Fundi, na ugali kinasonga?"

"Bado, mama."

"Sasa si mngeanzia hapo?"

Tukacheka, isipokuwa Masanja. Yeye alisema, "Mama, maji yameingia chini. Pandisha."

Mwalimu akaitafuta pampu kwenye mchoro wangu. Akazunguka na kidole chumba hadi chumba, akaipata nyuma ya choo, akagusa. Kioo hakikuonyesha kitu. Amri ilikuwa njiani, maana mtandao wa nyumba ulikuwa na uzito wake, lakini yeye angejuaje? Akagusa tena. Na kwa kuwa kitufe kilekile ndicho kilichowasha na kuzima, pampu ikakohoa kule chini, ikanyamaza. Akagusa tena. Ikawaka. Akagusa kwa hasira. Ikazima. Mama Bahati akajishika mdomo.

"Umeona, mama?" Masanja alisema, taratibu, kama anayemwonea huruma. "Jumatatu tunaondoka wote."

Mwalimu Kabula akakiweka kishikwambi mapajani. "Masanja, mimi nimefundisha watoto kusoma mpaka nimestaafu. Darasa zima likishindwa, kosa huwa halitafutwi kwa watoto."

"Darasa zima ni wewe peke yako, mama."

"Basi mwalimu amsogelee huyo mmoja." Akanigeukia. Mwanangu, nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini jicho lile la darasani ni jingine. "Wewe umeichora nyumba yangu kama anavyoiona ndege. Mimi sijawahi kuiona kutoka huko. Mimi naijua kutoka jikoni. Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza Masanja, Mwalimu."

"Masanja anakaa Dodoma."

Hata Masanja alitazama chini.

"Chukua stuli," akaniambia. "Kaa pale jikoni mpaka jioni. Hicho kioo weka kabatini. Tazama tu, usiniulize chochote. Na wewe Masanja, mpe mtoto wa wenzio mpaka kesho."

Nikakaa. Niliona aibu kwanza, kisha nikachoka, na baada ya uchovu nikaanza kuona. Niliona kwamba Mwalimu hakuwa na haja na sehemu kubwa ya mchoro wangu. Taa za vyumbani aliziwasha kwa kupita tu, mkono ukienda ukutani bila jicho. Geti halikuwa kazi yake. Watu walipiga hodi wakaingia, na yeye alilifunga mara moja, kabla ya kulala. Kilichomsumbua kilikuwa maji. Alisikiliza bomba huku anachambua mchicha, akijua kwa mlio tu kama tanki la chini limejaa, kisha akajikongoja ngazini kwenda kwenye swichi. Tanki la juu lilipofurika, maji yakidondoka kwenye jiwe nyuma ya jiko, alishuka tena kuzima.

Giza lilipoanza kuingia nilijua saa yangu ya kusifiwa imefika. Mwalimu alifuta mikono, akaelekea mlangoni, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa ya barazani. Kabla hajaigusa, taa ikawaka.

Akasimama na mkono hewani. "Nani kawasha?"

"Imejiwasha yenyewe, Mwalimu." Nilikuwa natabasamu.

Papo hapo, ng'ambo ya mawe, taa ya barazani kwa Mama Bahati nayo ikawaka. Mwalimu aliitazama, akaketi kizingitini.

"Tangu mume wangu afariki," alisema, "kila jioni nawasha hii, Mama Bahati akiiona anawasha ya kwake. Yeye pia ni mjane. Maana yake nimeiona siku, na wewe umeiona, tulale. Siku nisipowasha, anakuja. Mwaka juzi malaria ilinilaza chini pale karibu na jiko, sikuwasha. Alikuja na kanga ya ndani, bila viatu, ndiye aliyenipeleka hospitali." Akaelekeza kidole jikoni. "Sasa niambie. Leo ningekuwa nimeanguka hapo jikoni, hii taa yako ingewaka?"

"Ingewaka, Mwalimu."

"Na yeye angeona iko salama, angewasha ya kwake, angeenda kulala."

Hakunifokea. Alinyanyuka akaenda kugeuza ugali, na kuniwekea sahani.

Kesho yake waliporudi kutoka kanisani walikuta nimefuta karibu kila kitu. Ile picha ya nyumba haikuwepo. Kwenye kishikwambi cha Mwalimu kulikuwa na vitufe viwili vikubwa, kila kimoja na kazi yake moja: "Pandisha maji" na "Simamisha maji." Maneno alinipa yeye. Akigusa, hata kama pampu bado haijapata habari, kioo kinamjibu hapo hapo: "Nimesikia, subiri." Chini yake mstari mmoja ukimwambia maji ya tanki la juu yamefika wapi. Alipandisha maji, akasimamisha, akapandisha tena kwa raha yake tu. Mama Bahati akapiga kigelegele.

Taa ya barazani niliirudisha kwenye swichi ya ukutani. Niliacha waya mmoja tu wa kusikiliza, ili mama akiwasha kwa mkono wake, simu ya Masanja imwandikie: "Mama amewasha taa."

Masanja aliikagua simu yake. "Kitufe kiko wapi?"

"Hakuna, kaka. Wewe unaona tu."

"Sikukulipa ili niangalie tu. Nataka niweze kuiwasha mwenyewe kutoka Dodoma."

Mama yake akadakia, "Ili umdanganye nani?"

Masanja akairudisha simu mfukoni. Nadhani ndipo alipoelewa. Lakini kuelewa si kuamini, na mizigo ya mama ilikuwa tayari imefungwa sebuleni. Akasema tushuke mjini, mimi na yeye, tukae mbali na nyumba mpaka jioni, aone.

Tulikaa kwenye mgahawa karibu na soko. Soda yake ilipata joto mezani. Jua likazama nyuma ya ziwa, taa za mjini zikawaka, na simu ikakaa kimya. Masanja alianza kugonga meza kwa vidole. Kisha akasimama. Mimi nilijua nilivyounga ule waya, na pia nilijua naweza kuwa nimekosea. Alikuwa ameshatoa hela ya soda wakati simu ilipoita. Alikuwa Mama Bahati.

"Masanja, usiwe na wasiwasi. Naona kwenu giza, ndiyo navaa viatu niende... ee, huyu hapa anatoka ngazini! Mwalimu, ulikuwa wapi? Anasema alishuka dukani kununua chumvi. Chumvi! Na magoti hayo! Mgombeze mwenyewe."

Tukiwa bado tunamsikia akilalamika, maandishi yakaingia: "Mama amewasha taa." Masanja aliyatazama muda mrefu. Kisha akaketi, akanywa soda yake ya moto yote.

Jumatatu aliondoka peke yake.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu. Ukipewa kazi ya kutengeneza skrini ya kuendesha nyumba, anayekulipa msikilize, lakini usichore mpaka umekaa jikoni kwa atakayebaki humo ukishaondoka. Kitufe kimoja kiwe na kazi moja, na mtu akigusa ajibiwe upesi, maana anayenyamaziwa hugonga tena. Tumia maneno yake, si yako. Kisha, na hili ndilo zito zaidi, kabla hujakifanya kitu kijiendeshe chenyewe, uliza kinamwambia nani nini kikiendeshwa kwa mkono. Yapo mambo watu huyafanya ili wajulishane kuwa wapo hai. Hayo usiwapunguzie. Kama ni lazima uyaguse, tengeneza dirisha la kuyaona, usiweke mkono wa kuyafanya kwa niaba yao.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya kuchora, na mikono isiyo na haraka. Nyumba utakazoziingia kama fundi, zikupokee tena kama mgeni.